Huko Mnazikana na Nani?

Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa Ottawa, mama alinipigia simu kutoka Tanga akaniuliza swali nililoshindwa kulijibu. Nilikuwa nimemaliza kumpa habari zote: watoto wazima, baba yao yuko kazini, theluji imepanda hadi nusu ya mlango wa nyuma. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Alhamdulillahi. Sasa mwanangu, huko mnazikana na nani?"

Asiyetoka kwetu anaweza kudhani huo ni uchuro. Wala si uchuro. Mtaani kwetu Ngamiani, ukitaka kujua kama mtu anaishi na watu au anaishi na kuta, humuulizi ana marafiki wangapi. Unajiuliza: huyu akifiwa usiku huu, nani atakwenda kuchimba kaburi? Nani atatandika majamvi? Nani atabeba sufuria kubwa kutoka nyumba ya tatu? Na watu hao hawaji kwa kadi ya mwaliko. Wanakuja kwa sababu na wewe ulikwenda: ulikuna nazi kwenye arusi ya binti yao, ulikaa kwenye maulidi yao, ulipeleka sukari mtoto wao alipotoka jandoni. Mama hakuwa akikosa shughuli. Hata miguu ilipoanza kumsumbua alijikongoja hivyo hivyo, na tukimwambia apumzike anajibu, "Asiyekwenda haendewi."

Nilimjibu kwamba huku mambo ya mazishi yanafanywa na kampuni. Akacheka kicheko kifupi, akasema, "Haya," tukaagana. Ile "haya" nilikaa nayo wiki nzima.

Tulikuwa tumefika Oktoba 2018, mimi na watoto wawili, tukimfuata baba yao aliyetangulia. Yeye anaendesha lori la masafa marefu. Akiondoka Jumatatu tunamwona Ijumaa. Mimi nyumbani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa nilipata kazi ya kusafisha ofisi katikati ya mji, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku. Mama mmoja wa Kisomali wa ghorofa ya juu ndiye aliyekuwa akinikalia watoto. Nilimlipa kila Ijumaa, tukasalimiana, mlango ukafungwa. Hiyo ndiyo ilikuwa jamii yangu yote.

Watu wanakuonya kuhusu baridi. Kuhusu giza hawakwambii. Sisi wa Tanga tumezoea jua la saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili, likiyumba kidogo tu mwaka mzima. Hapa, mwezi wa Desemba, jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi, na ikifika saa kumi na dakika ishirini limeshazama. Nilikuwa naamka gizani, napeleka watoto shule katika mwanga kama wa magharibi, nasinzia kidogo, nawafuata, na kabla sijaepua sufuria taa za barabarani zimeshawaka. Jumamosi na Jumapili hatukutoka kabisa. Kuwavalisha watoto wawili peke yake ni kazi ya nusu saa: soksi mbili mbili, ovaroli la theluji, mabuti, kofia ya sufu, skafu, glavu. Na ukishamaliza, mmoja anataka kwenda chooni.

Katikati ya Februari binti yangu, wakati huo ana miaka saba, alitoa kwenye begi la shule karatasi ya rangi ya chungwa. Chama cha mtaa kilikuwa kinatangaza sherehe ya majira ya baridi, Jumatatu, Siku ya Familia, kwenye uwanja wa barafu wa bustani iliyo karibu na kwetu. Kuteleza, kupanda gari linalovutwa na farasi, chokoleti ya moto, soseji. Bila malipo. Kwa familia zote za mtaani. Nikaisoma vizuri, nikaikunja, nikaiweka kwenye droo ya vijiko.

Siku ya Familia ni sikukuu ya jimbo la Ontario, huwa Jumatatu ya tatu ya Februari, na imeanza mwaka 2008 tu. Si siku ya dini wala ya shujaa yeyote. Kati ya Mwaka Mpya na Pasaka watu hawakuwa na siku ya kupumua, basi wakawekewa hiyo. Sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba sikukuu ya watu huwa na wenyewe.

"Mama, hatwendi?" binti yangu aliniuliza Jumapili usiku.

"Ile ni ya wenyewe."

"Wenyewe akina nani?"

"Watu wa mtaa huu."

Akanitazama kama vile mimi ndiye mwanafunzi. "Kwani sisi tunakaa wapi?"

Nilikuwa nimefundisha miaka tisa, na swali gumu nalijua likija. Asubuhi nikafungua droo.

Bustani ile nilikuwa nimepita pembeni yake kwa miezi minne bila kujua kwamba nyuma ya miti kuna uwanja. Umezungushiwa mbao zilizopakwa rangi nyeupe, pembeni kuna kibanda chenye hita ambamo watu wanabadilishia viatu. Ndani ya kibanda palikuwa na masanduku ya viatu vya kuteleza vilivyotumika, unachagua saizi yako na kurudisha ukimaliza. Binti yangu alichagua vyeupe. Nilivyovigeuza nikaona ule upanga wa chuma chini, nikafikiria bili ya hospitali, ingawa huku hospitali hatulipi.

Nikiwa bado nahangaika na kamba, akaja mzee mmoja mrefu, umri wa baba yangu, akapiga magoti kwenye barafu mbele ya mwanangu na kuanza kumfunga. Jamani. Nilitaka ardhi inimeze. Mtu mzima kama yule anapigia magoti mtoto! Nikainama nimzuie, na yeye, akidhani nataka kujifunza, akanionyesha: kwenye vidole iache ilegee kidogo, kwenye kifundo vuta mpaka mtoto alalamike, halafu legeza kidogo tu. Kisha akampa binti yangu kiti cha plastiki akisukume mbele yake, kama wanavyofanya watoto wote wanaoanza. Mdogo wake, miaka minne, akapewa cha kwake. Wakaondoka wakisukuma viti kama watu wanaohama nyumba.

Nilisimama kwenye mbao karibu saa mbili. Watu walinitabasamia wakipita, wengine walisema jambo kuhusu hali ya hewa, nikajibu. Kulikuwa na mama anayechemsha maji matamu ya mti wa maple mpaka yanakuwa mazito kuliko asali, anayamwaga juu ya theluji safi, na watoto wanayazungusha kwenye kijiti na kuyala kama pipi. Kwenye soseji niliuliza kama ni za nguruwe. Kijana aliyekuwa anachoma hakujua. Akasoma pakiti, akasema ndiyo, akaniomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Wanangu wakala mkate na sosi ya nyanya. Yule mzee alikuwa karibu, anakusanya vikombe.

Sikurudi na rafiki. Nilirudi na vidole vya miguu vilivyokufa ganzi na watoto waliolala kabla ya kuoga. Lakini na mimi usiku ule nililala, usingizi wa mtu aliyepigwa na hewa, kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

Majira ya pili nilitaka kuona mambo makubwa zaidi. Kila Februari mji huu una tamasha la Winterlude, kwa Kifaransa Bal de Neige, limekuwepo tangu 1979. Wachongaji wanaunda ndege na majumba kwa matofali ya barafu, na ng'ambo ya mto, upande wa Gatineau, watoto wanajengewa milima ya theluji ya kuserereka. Jumamosi moja ya mwaka 2020 baba yao alikuwa nyumbani. Tukapanda basi wote wanne mpaka kwenye mfereji wa Rideau.

Mfereji huu unakatiza mji, na ukiganda vizuri watu wanateleza juu yake kilomita 7.8. Utaratibu huo ulianza majira ya baridi ya 1970–71, vibarua walipotumwa na mafagio na mabeleshi wakafagia kipande chembamba karibu na ukumbi wa sanaa. Watu walikuja kwa maelfu kuanzia wiki ya kwanza. Siku hizi barafu hupimwa, na sharti ifike unene wa sentimita 30 kabla watu hawajaruhusiwa. Tulikuta bibi, watoto wa miezi sita ndani ya vigari vilivyofungwa vyuma vya kuteleza, na mwanamume mwenye suti na begi la ofisi anapita kama yuko lami. Tukanunua BeaverTails: unga uliokandwa na kuvutwa kama mkia wa mnyama, ukakaangwa, ukanyunyizwa sukari na mdalasini. Baba watoto akatafuna, akafikiri, akasema, "Hili ni andazi lililopitiwa na gari."

Pembeni ya mfereji kuna mabango ya historia, na mimi ualimu haujanitoka, nikasoma yote, na niliporudi nikasoma zaidi. Mfereji ulichimbwa na kufunguliwa mwaka 1832, chini ya mwanajeshi Mwingereza John By, urefu wake kilomita 202 kutoka hapa mpaka Kingston. Waliochimba walikuwa maelfu ya vibarua, wengi wao wahamiaji wa Ireland na Wafaransa wa Kanada. Inakadiriwa kama elfu moja walikufa, kwa ajali na kwa maradhi, na ugonjwa uliowasumbua sana ulikuwa malaria. Ndiyo, malaria. Hapa hapa, kwenye nchi ya theluji, kiangazi, kwenye vinamasi.

Usiku nikamsimulia mama. Malaria anaijua, imemzikia mtoto mmoja. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe. Na hao wageni walizikana wao kwa wao."

Jumatatu iliyofuata ilikuwa tena Siku ya Familia. Mara hii sikwenda mikono mitupu, maana kwetu hakuna shughuli unayoingia mikono mitupu. Nilikanda usiku, nikapeleka maandazi ya iliki, beseni zima. Yaliisha kabla farasi hajazunguka bustani mara ya pili. Nilipopita mahali pa kuchomea nyama nikakuta majiko mawili. La pili lilikuwa na pakiti ya soseji za kuku, na juu ya meza kipande cha boksi kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: HALAL. Hakuna aliyeniambia kitu. Yule mzee alikuwa amesimama nyuma ya lile jiko na koleo mkononi, akaninyanyulia kidevu kidogo, basi.

Nilimuuliza jina. Akaniambia nimwite kwa jina lake la kwanza, kama wanavyofanya wote huku. Sikuweza. Ulimi ulikataa. Mtu mwenye mvi vile nimwite kama ninamwita muuza nyanya? Nikamwita Mzee. Akauliza maana yake, nikamweleza, akasema hajawahi kupewa cheo bila mtihani. Wanangu wakalichukua, kisha watoto wengine. Mpaka leo uwanja mzima unamwita Mzee, na wengi hawajui ni Kiswahili.

Majira ya tatu yalikuwa ya korona. Shule zilifungwa, kazi yangu ikawa ya dawa na barakoa, baba watoto akawa analala kwenye lori. Kila mahali pa ndani palifungwa. Kilichobaki wazi ni nje, na nje majira ya baridi ni uwanja wa barafu. Idadi ya watu iliwekewa kikomo, kukaa kibandani hakuna, sherehe hakuna. Lakini watoto wangeteleza, kama barafu ingekuwepo.

Hapo ndipo nilipojifunza barafu inatoka wapi. Nilikuwa nikidhani manispaa inaileta. Ottawa ina viwanja vya barafu vya nje zaidi ya 200, na vingi vinatunzwa na watu wa mtaa wenyewe wanaojitolea. Manispaa inatoa ruzuku kidogo, kazi ni yao. Barafu haijitengenezi. Inamwagiliwa usiku, baridi ikiwa kali na watoto wamelala. Na mwaka ule wengi wa waliozoea kuifanya walikuwa wazee, wameambiwa wasitoke. Mzee alituma ujumbe kwa wote: anatafuta watu wa kushika mpira wa maji.

Nilimwambia mama kwenye simu, "Siku hizi Ijumaa usiku nashika mpira."

"Kwa umri wako?" akashangaa. "Unacheza na wanaume?"

Ilinichukua muda kumwelewesha kwamba si mpira wa miguu. Alipoelewa hakucheka. Akasema ile methali ambayo kila Mswahili anaijua, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikahesabu. Majira mawili nilikuwa nimekula chokoleti yao. Hili lilikuwa la tatu.

Kwa hiyo kila Ijumaa, baba watoto akishaingia, nilitoka kazini saa nne usiku nikaenda moja kwa moja bustanini. Kazi yenyewe ina adabu zake. Kwanza theluji inakanyagwa mpaka ishikane, ndipo inamwagiwa maji kidogo kidogo. Safu iwe nyembamba. Ukimwaga mengi kwa pupa, juu panaganda na chini panabaki na hewa, na mtoto akipita panavunjika kama ganda la yai. Unaanzia mwisho wa mbali, unarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, mkono unazunguka, usiache dimbwi, usikanyage ulipopita. Ukimaliza, mpira unatolewa maji yote na kuingizwa kibandani. Ukiusahau nje utaukuta umekuwa gogo.

Kurudi kinyumenyume, mkono unazunguka, usikanyage ulipopita: jamani, si kudeki huko? Mzee alisimama mbali, barakoa usoni, akanitazama nusu uwanja. Akasema nina kipaji. Nikamwambia si kipaji, nalipwa kufanya hivi kila usiku, isipokuwa sakafu za ofisi hazigandi. Sijui kwa nini, lakini katika miaka mitatu ya kuishi hapa ile ilikuwa mara ya kwanza kuitaja kazi yangu bila kuitanguliza na "lakini nyumbani nilikuwa mwalimu."

Asubuhi binti yangu akapita juu ya barafu ile, akarudi na hukumu: "Yako ina mabonde." Ilikuwa kweli. Ijumaa iliyofuata nikapunguza maji.

Mama alifariki Februari 2023, usiku wa kuamkia Jumapili, siku moja kabla ya Siku ya Familia. Kaka yangu alipiga simu saa saba usiku kwa saa za huku. Kule tayari ni asubuhi, na adhuhuri wangemzika. Kwetu maiti hasubiri. Ndege kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya siku nzima, na kutoka Dar bado kuna barabara ya Tanga. Nilimzika mama kwa simu. Kaka alishika kamera mpaka mlango wa makaburini, akaizima kwa heshima. Baba watoto alikuwa Thunder Bay na lori, kama kilomita 1,500 kutoka nyumbani. Nilikaa sakafuni jikoni mpaka kukapambazuka.

Mwaka ule wenyewe ulikuwa na kasoro. Baridi haikushika. Mvua ilinyesha juu ya theluji. Uwanja wetu ulikuwa umegeuka uji, na mfereji, tangu utaratibu ule uanze miaka hamsini na ushee iliyopita, kwa mara ya kwanza haukufunguliwa hata siku moja. Mwishoni mwa mwezi ule wakatangaza rasmi kwamba basi tena. Jumapili asubuhi Mzee alituma ujumbe kwamba sherehe ya kesho imeahirishwa, barafu hakuna. Nikamjibu kwa sababu ya mazoea, kwamba nisamehewe, nisingekuja hata hivyo, mama yangu amefariki. Nikaweka simu chini.

Wa kwanza kushuka alikuwa jirani yangu wa Kisomali, ambaye alikuwa amesikia kilio tangu usiku na hakujua kama abishe hodi. Yeye hakuhitaji kuelezwa kitu. Akaviringisha zulia, akatandika shuka, akaweka maji jikoni. Miaka minne nilikuwa nikimlipa. Siku ile nilipomkumbusha kwamba juzi ilikuwa malipo yake alinikata jicho.

Jumatatu, saa ile ile ambayo sherehe ingekuwa inaanza, kengele ya mlango ililia. Mzee na sufuria. Nyuma yake yule kijana wa soseji, sasa ana ndevu, na mama wa pipi za maple, na wazazi wawili wa darasa la binti yangu, na mwanamke Mlebanoni wa mtaa wa pili aliyekuwa akishika mpira Jumanne. Chakula cha sherehe kilikuwa kimeshapikwa, wakasema, wasingejua pa kukipeleka. "Hakuna nguruwe," kijana akawahi kusema, "tumeangalia." Mabuti yao yakapangwa mlangoni, theluji ikayeyuka ikawa mto kwenye korido.

Hawakujua la kusema. Ukweli ni kwamba walikuwa hawajui chochote: wakae wapi, wakae muda gani, waseme pole mara ngapi. Jirani yangu akawaonyesha. Wanawake wakaketi chini kwenye shuka. Mzee alitafuta kiti kwa macho, akaona hakuna mwingine aliyekalia kiti, akaanza safari ya kwenda sakafuni, goti moja, kisha la pili, kama siku ile ya kwanza kwenye barafu. Nikamwambia akae kitini, magoti yake nayajua. Akakataa.

Akauliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Nikawasimulia. Nikawasimulia hata lile swali, kwa Kiingereza changu, na kulitafsiri kwenyewe kulikuwa kazi, kwa sababu hawana neno moja la kuzikana. Nikasema: aliwahi kuniuliza huku tunachimbiana makaburi na nani.

Kimya. Kisha Mzee akasema mama yake mwenyewe alifariki mwezi wa Januari, kijijini, yeye akiwa kijana. Zamani zile, ardhi ikishaganda ilikuwa haichimbiki; maiti iliwekwa kwenye chumba cha mawe cha makaburi kusubiri majira ya kuchipua. Walimzika Mei. Nilishtuka mpaka nikasahau machozi. Miezi minne! Nikauliza, sasa katikati hapo mlifanya nini? Akafikiri. Akasema watu waliendelea kuja. Theluji ilipoziba njia walikuja na mabeleshi, wakafungua njia mpaka mlangoni, wakaingia, wakanywa chai, wakaondoka. Mpaka Mei.

Binti yangu, ameshafika miaka kumi na moja, alikuwa anapitisha vikombe. Siku hizo alikuwa amekwisha anza kunijibu kwa Kiingereza na kuona aibu nikimwita kwa sauti uwanjani. Aliinama mbele ya Mzee na sinia, kwa mikono miwili, goti likakunjika kidogo. Sikuwa nimemfundisha hivyo hapa. Labda alimwona bibi yake zamani, labda jirani. Mzee akapokea chai naye kwa mikono miwili.

Waliondoka giza likiingia, na siku hizo giza lilikuwa limesogea mpaka saa kumi na mbili kasoro. Nilifuta maji ya mabuti kwenye korido, kinyumenyume kuelekea mlangoni.

Ijumaa ya wiki ile, matanga yamekwisha na baba watoto amerudi, baridi iligeuka ghafla. Saa nne usiku simu ikalia. Ujumbe wa Mzee, namba tu, bila neno lingine: -17.

Nikatafuta mabuti.